Degedege na Haki ya Kukanushwa: Tathmini ya Tafiti za Ifakara kwa Faida ya Waandishi wa Tasnifu za Theolojia

Katika makala hii tunakusudia kutathmini kazi chache za utafiti zilizofanywa Ifakara na katika Bonde la Kilombero kuhusu degedege na homa za watoto. Msomaji wa jarida la theolojia anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, malaria inatuhusu nini hapa. Jibu letu ni fupi. Wengi wa wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu za shahada ya udaktari hutangaza katika sura ya kwanza kwamba wametumia njia zaidi ya moja: mahojiano, hojaji, kushiriki na kutazama, pamoja na kumbukumbu za usharika. Lakini tufikapo sura ya mwisho ni nadra kukuta kwamba njia moja imeiambia nyingine jambo ambalo mwandishi hakutaka kulisikia. Watafiti wa Ifakara walisikia jambo la namna hiyo, wakaliandika. Ndiyo maana tumeona inafaa kazi yao isomwe na wachungaji pia.

Iko sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Nadharia kuhusu degedege haikukaa katika vitabu vya wataalamu peke yao; ilipanda hata mimbarani. Ni mchungaji gani aliyehudumu katika nchi ya malaria ambaye hajasimama kando ya kaburi la mtoto mchanga akasikia, au pengine akasema yeye mwenyewe, kwamba mtoto amekufa kwa sababu wazazi walikwenda kwanza kwa mganga? Neno hilo laweza kuwa kweli. Lakini kama si kweli, tumemshuhudia uongo mama aliyefiwa, mbele ya majirani zake, tukiwa tumevaa joho.

1. Jinsi nadharia ilivyojengwa

Ifakara imekuwa mahali pa utafiti kwa muda mrefu. Rudolf Geigy wa Basel alifika mwaka 1949, na mwaka 1957 Waswisi walifungua maabara ndogo ya utafiti katika mji huo, ambako Wakapuchini walikuwa na hospitali ya misioni. Maabara hiyo ilikua, ikawa kituo cha utafiti na maendeleo ya afya mwaka 1996, na tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo watu wa Kilombero na Ulanga wamezoea kuulizwa maswali. Jambo hili tutalirudia.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa elimu ya jamii walianza kusikiliza namna watu wanavyotaja homa zao. Bagamoyo ilitangulia. Makemba na wenzake walichapisha mwaka 1996 maelezo ya degedege kama ugonjwa unaotambuliwa na wenyeji: mtoto hushikwa na homa, hukakamaa na kutupa viungo, na wengi waliuhusisha ugonjwa huo na pepo ajaye kwa sura ya ndege. Tiba yake ilikuwa kwa waganga, na kuchomwa sindano hospitalini kuliogopwa. Homa ya kawaida ilipelekwa zahanati. Degedege ilipelekwa kwingine. Hivyo ndivyo nadharia ilivyosimama: jina la ugonjwa na maana yake ndivyo vinavyoamua mzazi aelekee wapi.

Huko Ifakara, Susanna Hausmann Muela alifanya utafiti uliozaa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel mwaka 2000. Yeye na wenzake, Joan Muela Ribera na Marcel Tanner, walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1998 makala kuhusu kile walichokiita malaria ya bandia na vimelea vilivyofichwa. Walieleza kwamba watu waliyapokea mafundisho ya hospitali kuhusu mbu na vimelea, kisha wakayaweka ndani ya fikra zao wenyewe. Mchawi aweza kuleta ugonjwa unaofanana na malaria ilhali si malaria. Aweza pia kuvificha vimelea visionekane katika darubini. Basi, dawa ya hospitali ikishindwa, mgonjwa huenda kwa mganga ili uchawi uondolewe, halafu hurudi hospitali ambako sasa vimelea vitaonekana na dawa itafanya kazi.

Tunaisifu kazi hii kwa jambo moja hasa. Inaonyesha udhaifu wa hojaji kabla hojaji haijaandikwa. Mtafiti akiuliza, "Malaria inasababishwa na nini?" akajibiwa, "Mbu," ataandika kwamba elimu imefika. Lakini mjibu huyo huyo aweza kuamini bila mgongano wowote kwamba mbu ameleta vimelea na jirani amevificha. Hapa masimulizi yanaikanusha takwimu: idadi ya majibu ni sahihi, lakini maana iliyopewa si sahihi. Aidha, kazi hii ilikwisha kuonyesha kwamba kwenda kwa mganga si lazima kuwe kuikataa hospitali. Sisi wahubiri tuliendelea kuzitaja njia hizo mbili kana kwamba aliyeshika moja ameiacha nyingine.

2. Jinsi nadharia ilivyopimwa

Mradi uliojulikana kwa jina la ACCESS ulifanya kazi katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika muongo wa kwanza wa karne hii. Ulichunguza kwa nini watu wenye homa wanapata au hawapati tiba sahihi kwa wakati, na ndani yake ziliandikwa tasnifu za udaktari. Kazi tunayoitathmini hasa ni makala iliyoongozwa na Angel Dillip, ambayo ilichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Malaria Journal. Waandishi wanaanza na tatizo la wazi. Tafiti za awali zilisema mtoto mwenye degedege hupelekwa kwa mganga. Tafiti za karibuni zilisema hupelekwa kituo cha afya. Zote haziwezi kuwa kweli kwa namna ile ile, mahali pale pale, na kwa wakati ule ule.

Ili kulikata shauri hili waliunganisha njia mbili ndani ya chombo kimoja. Walitumia utaratibu wa mahojiano uliobuniwa na Mitchell Weiss na wenzake, ambamo mlezi wa mtoto kwanza husimulia ugonjwa kwa maneno yake, kisha majibu yake hupangwa katika mafungu yanayoweza kuhesabiwa: dalili alizoziona, sababu alizozidhani, na hatua alizochukua. Walezi walipatikana kwa sampuli ya nasibu iliyochaguliwa kwa uangalifu. Uchunguzi ulikuwa wa sehemu tatu: watu 80 wa homa ya kawaida mwaka 2004, watu 129 wa degedege kati ya mwaka 2004 na 2006, na watu 29 waliofuatiliwa wakati wa msimu wa kilimo mwaka 2005.

Matokeo ni haya. Asilimia 71.1 ya watoto wa degedege walifikishwa katika kituo cha afya ndani ya saa 24 tangu dalili za kwanza. Kwa watoto wenye homa ndogo, waliofikishwa kwa wakati walikuwa asilimia 45.6. Kama nadharia ya kwanza ingekuwa kweli katika bonde hili, tungetazamia kinyume chake. Ugonjwa ule uliodhaniwa kuwapeleka watu mbali na hospitali ndio uliowapeleka upesi zaidi.

Hata hivyo nadharia ya kwanza haikutupwa yote. Walezi waliotaja sababu za kimila au za kimaadili walielekea kuchelewa zaidi kuliko wengine. Walioona dalili za jumla, pasipo kukakamaa kwa mwili kunakojulikana na wote, nao walichelewa. Maana ya ugonjwa bado inafanya kazi, ila uzito wake umepungua. Na wale waliompa mtoto dawa ya malaria bila kwenda kituoni walieleza sababu zao: dawa zimekwisha kituoni, fedha za kulipia hakuna, au kituo hakipimi. Waandishi wakahitimisha kwamba kizuizi kikubwa kimo katika huduma zenyewe na katika hali ya maisha, kuliko katika imani za wazazi.

Mfano wa pili kutoka mradi huo huo unatia nguvu jambo hili. Wakulima wengi wa Kilombero huhamia mashamba ya mpunga katika tambarare ya mto kwa miezi kadhaa, wakakaa katika vibanda mbali na zahanati. Mtu yeyote mwenye akili angesema kwamba huko ndiko malaria inakowamaliza. Manuel Hetzel, ambaye naye alipata udaktari wake Basel, pamoja na wenzake walizifuatilia kaya zipatazo 100 kwa miezi sita. Walizitembelea kila mwezi na kuandika nani yuko wapi, nani ameugua, na nani ametibiwa wapi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008, homa zilikuwa chache zaidi shambani kuliko kijijini, asilimia 98 ya watu walitumia vyandarua huko shambani, na zaidi ya nusu ya homa zilitibiwa katika vituo vya afya ingawa njia ilikuwa ndefu. Dhana iliyoonekana kuwa ya wazi kabisa ilianguka kwa daftari na miguu ya mtafiti.

3. Mapungufu

Hatuwezi kusifu tu. Tunaona mambo matatu ambayo msomaji hana budi kuyapima.

La kwanza linahusu ushuhuda wa walezi wenyewe. Mji uliokaa na watafiti kwa zaidi ya nusu karne unajua jibu linalowapendeza wageni wenye kalamu. Mama anayeulizwa kama alimpeleka mtoto kituoni anajua jibu gani ni la heshima. Chombo cha Weiss hupunguza hatari hii kwa kuanza na masimulizi, lakini hakiiondoi. Daftari la zahanati, likilinganishwa na maneno ya mlezi, lingekuwa shahidi wa tatu.

La pili ni idadi. Watu 29 wa msimu wa kilimo ni wachache mno kubeba hoja nzito. Wanaweza kutufundisha swali la kuuliza. Hawawezi kutupa jibu la bonde zima.

La tatu ndilo kubwa kwetu. Njia mbili zinapopingana, tuna tafsiri zaidi ya moja. Yawezekana mojawapo ilikosea. Yawezekana kila moja ilipima kitu tofauti: ya kwanza ilipima yale watu wanayosema kwamba hufanywa, ya pili ilipima yale mlezi huyu aliyofanya kwa mtoto huyu. Na yawezekana zote zilisema kweli, ila wakati umebadilika. Kati ya sauti za miaka ya 1990 na hesabu za mwaka 2004 hadi 2006, bonde hili lilipitiwa na kampeni kubwa ya vyandarua iliyoanza mwaka 1997, pamoja na mafundisho yake kuhusu homa na degedege. Waandishi wanaelekea kwenye tafsiri ya mabadiliko wanaposema kwamba imani za zamani hazina tena nguvu ileile. Sisi tunaona huenda ni hivyo, lakini kipimo kilichofanywa mara moja hakiwezi kuthibitisha mabadiliko. Kupinga kazi ya Bagamoyo kwa hesabu za Kilombero pia kunahitaji hadhari, maana pwani na bonde havifanani katika kila jambo.

Tuongeze neno moja la kitheolojia. Kielelezo cha mradi huu, kilichochapishwa na Brigit Obrist na wenzake mwaka 2007, kinataja pande tano za kuifikia tiba: kuwapo kwa huduma, umbali, gharama, ubora, na kukubalika kwake kwa watu. Kinataja pia rasilimali za kaya, yakiwamo mahusiano ya kijamii. Imani yenyewe haina mahali pake. Lakini katika wilaya hizo kuna misa, kuna maombezi, kuna Dayosisi ya Ulanga Kilombero yenye makao yake Ifakara, na kuna hospitali ya Kilutheri ya Lugala. Mama anayeomba njiani kwenda zahanati hayumo katika jedwali. Huo ni wito kwa wanatheolojia kufanya sehemu yao ya kazi.

4. Tasnifu zetu

Tumesoma tasnifu kadhaa za wanafunzi wetu zilizochanganya njia, na kasoro moja inajirudia. Mwanafunzi huwahoji wazee na wachungaji, akapata wazo. Kisha hugawa hojaji zenye maswali yaliyotokana na wazo hilo, kwa watu walewale au kwa jamaa zao, akapata asilimia kubwa ya "Ndiyo." Mwishoni huandika kwamba njia zote mbili zimekubaliana. Kukubaliana huko hakuna thamani. Shahidi wa pili aliyefundishwa maneno na shahidi wa kwanza hahesabiwi kuwa shahidi wa pili.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa kawaida. Mwanafunzi anataka kueleza kwa nini Walutheri katika vijiji vya Kilombero huhudhuria mikutano ya uponyaji ya makanisa mengine. Nadharia inayosemwa na wengi ni kwamba wanatuhama kwa kuwa ibada yetu haina uponyaji. Basi kwanza asikilize: waliokwenda na kubaki huko, waliokwenda na kurudi, na wasiokwenda kamwe. Tuseme katika masimulizi anaona jambo jipya: watu huenda wakati wa ugonjwa mrefu, na ugonjwa ukiisha hurudi katika usharika wao. Hapo nadharia imejengwa, nayo ni bora kuliko ile ya kwanza.

Sasa na aipime. Kabla ya kufungua kitabu chochote, aandike nini kitaiangusha. Kama watu huenda na kurudi kwa sababu ya ugonjwa, basi vitabu vya Chakula cha Bwana na vya ahadi vitaonyesha pengo na kisha kurejea kwa jina lile lile. Kama vitabu vinaonyesha pengo lisilo na mwisho, nadharia imeanguka. Na kama mapengo ya usharika mzima yanaangukia miezi ya kulima na kuvuna mpunga, basi pengine kinachowaondoa washarika si mkutano wa uponyaji wala upungufu wa ibada yetu, wako shambani. Mwanafunzi asiyejua habari ya vibanda vya tambarare ataandika sura nzima juu ya uasi wa kiroho wa watu waliokuwa wakipalilia.

Mwishoni arudi kwa wasimulizi wake akiwa na hesabu mkononi, akawaulize maana yake. Huenda watamwonyesha kwamba kitabu nacho kinadanganya, kwa kuwa mwinjilisti aliandika majina ya waliotoa tu. Hivyo kila njia ina haki ya kuikanusha nyenzake, na nadharia inayobaki baada ya hapo ndiyo inayostahili kuitwa mchango mpya katika elimu.

Tunajua shida zilizopo. Mwanafunzi ana fedha kidogo na muda mfupi, na msimamizi wake pengine hakufundishwa takwimu. Lakini kinachodaiwa hapa hakihitaji sampuli ya maelfu. Kinahitaji ukurasa mmoja ulioandikwa kabla ya kwenda uwandani, ukisema: nikiona hivi, nitakiri kwamba nilikosea. Tungependa kamati zetu ziudai ukurasa huo kama zinavyodai orodha ya vitabu.

5. Kwa nini jambo hili ni letu

Wengine watasema kwamba roho ya kupima na kukanusha ni ya maabara, haifai katika theolojia. Hatukubali. Mwinjili Luka anaanza kitabu chake kwa kueleza kwamba alifuatilia mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo, kutoka kwa mashahidi wenyewe, ili Theofilo apate hakika. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume kwa kuwa walilipokea neno la Paulo kwa moyo, na bado wakachunguza kila siku kama ndivyo ilivyo. Mtume hakuudhika kwa kuchunguzwa.

Tena iko amri ya nane. Luther, katika Katekisimo Ndogo, anatufundisha kwamba amri hii haitukatazi kusema uongo juu ya jirani peke yake. Inatudai pia tumtetee na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Nadharia isiyopimwa kuhusu watu maskini ni hatari kwa amri hii, kwa sababu maskini hawaandiki majibu katika majarida. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba imani zao ndizo zinazowaua watoto wao. Hesabu za Kilombero zinaonyesha kwamba wengi wao walikimbia kuelekea kituo cha afya ndani ya siku moja, na kwamba waliobaki nyumbani na dawa za dukani mara nyingine walikuwa wakijua kwamba kituoni dawa zimekwisha.

Kwa hiyo, mchungaji atakapoitwa tena kuzika mtoto aliyekufa kwa degedege, na mzee mmoja akamnong'oneza kwamba hawa walianzia kwa mganga, asiifanye habari hiyo kuwa hubiri. Aulize kwanza walifika zahanati saa ngapi, na kama walikuta dawa. Kama hana jibu, azike, awafariji wafiwa, na Jumatatu aende akamwone mganga wa zahanati.